Mpira Mmoja, Ving'amuzi Vitatu: Majibu ya Barua Zenu

Wasomaji wangu, mwezi uliopita niliandika hapa mistari minne tu kuhusu msomaji aliyekosa fainali kwa sababu kifurushi alicholipia hakikuwa na ile chaneli, basi barua zilizokuja baada ya hapo sijawahi kuona tangu nianze safu hii. Nimezisoma zote. Nimechagua saba, zile ndefu nimezipunguza, na majina nimeyaondoa maana wengi mmeomba hivyo. Niseme mapema tu kwamba mimi niko upande wenu, mtu anayetaka kuona timu yake na yuko tayari kulipa hastahili kuzungushwa hivi.

Kaka habari za kazi. Mimi ni Mwananchi wa kutupwa, yaani Yanga, na huko Ulaya nashabikia Arsenal. Ndani nina ving'amuzi viwili, kimoja cha ligi ya nyumbani kingine cha ligi ya Uingereza, madishi mawili juu ya bati mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nimefungua kituo cha TV. Juzi naambiwa kuna mechi hazipo kwenye vyote viwili, ziko kwenye apu, nilipie tena. Nimekaa na mke wangu tukapiga hesabu, hela ya mpira kwa mwezi imefika kodi ya chumba kimoja mtaani kwetu. Hivi kwa nini isiwepo kampuni moja ionyeshe zote nilipie mara moja niishi kwa amani? (Temeke, Dar es Salaam)

Kaka pole sana, na shemeji mpe pole pia maana kukaa mezani na mumeo mkahesabu hela ya mpira bila ugomvi si kila nyumba inaweza.

Cha kwanza ujue kwamba yule unayemlipa kila mwezi siye mwenye mali. Mwenye mali ni ligi. TFF na Bodi ya Ligi wana Ligi Kuu yetu, Premier League wana yao, UEFA wana Ligi ya Mabingwa Ulaya, CAF wana ya Afrika, na kila mmoja anauza chake kwa wakati wake, kwa mkataba wa miaka yake, nchi kwa nchi au ukanda kwa ukanda. Ligi Kuu yetu iko Azam Media kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2021 wa shilingi bilioni 225.6. Ligi ya Uingereza kwa ukanda wetu iko SuperSport, yaani watu wa MultiChoice, ambao tangu Septemba 2025 wako chini ya Canal+ ya Ufaransa. Hakuna siku wauzaji hawa wanakaa meza moja wakamfikiria mtu wa Temeke mwenye roho mbili, moja iko Jangwani nyingine iko London. Kila mmoja anamuona nusu.

Sasa najua wengi mnasema serikali zilete ushindani bei itashuka. Hapo naomba nikae kidogo maana ndipo watu wengi tunapokosea, hata mimi niliamini hivyo miaka mingi.

Premier League ilianza 1992, na kwa miaka 15 mechi za laivu za kulipia Uingereza zilikuwa za Sky. Kampuni moja, bili moja. Tume ya Ulaya ikasema huu ni ukiritimba, haki zikatwe mafungu na asiruhusiwe mmoja kubeba yote. Kwa hiyo kuanzia msimu wa 2007/08 yakawa mafungu 6, Sky akachukua 4 na Setanta ya Ireland ikachukua 2. Nia ilikuwa njema kabisa. Sasa jiulize shabiki alipata nini. Alipata bili ya pili! Ya kwanza haikushuka, ya pili ikaja juu yake. Setanta wenyewe wakaanguka Uingereza Juni 2009 katikati ya mkataba, wakaja ESPN, mwaka 2013 wakaja BT ambao leo wanaitwa TNT Sports, 2019 akaingia Amazon na mechi 20 kwa msimu mpaka alipotoka 2025. Miaka yote hiyo shabiki anahama na pochi yake mkononi.

Kwa nini ushindani haukushusha bei? Angalia maandazi. Mama wawili wakiuza maandazi mtaa mmoja bei inatulia, kwa sababu nikikosa kwa mama wa kona nanunua kwa mama wa stendi na tumbo halijui tofauti. Mechi haiko hivyo. Huwezi kumwambia mtu wa Yanga kwamba Jumamosi hii derby ya Kariakoo ni ghali, angalia mechi nyingine yenye bei nafuu. Haina mbadala. Ukiwapa wauzaji wawili mechi tofauti kila mmoja anabaki peke yake na mechi zake, ushindani wote uko kule kwenye mnada ligi inapouza, sisi huku chini tunalipa mageti mawili. Ushindani wa kweli kwa mtazamaji ungekuwa mechi ileile ionyeshwe na wawili au watatu, uchague wa bei nzuri na picha nzuri. Hicho ligi hazitaki kwa sababu neno "sisi peke yetu" ndilo linalolipiwa hela nyingi. Na si kwamba hela hiyo inapotea yote, kwenye ligi yetu zinafika mpaka timu ndogo za mikoani, hilo nalitambua na sitaki zikose. Ila anayetoa hela hiyo mwisho wa siku ni wewe.

La kufanya kwako sasa hivi: acha kulipa vyote kila mwezi kwa mazoea. Chukua ratiba ya Yanga na ya Arsenal ziweke pembeni kwa pembeni. Ligi ya Uingereza Juni na Julai hakuna kitu. Septemba, Oktoba, Novemba na Machi kuna wiki za timu za taifa, ligi zinasimama, kwa hiyo mwezi wa namna hiyo ukiweza kuanza kifurushi chako baada ya mapumziko usilipe kabla. Mwezi ambao Arsenal ana mechi mbili ngumu tu, nenda kaziangalie kibandaumiza au kwa rafiki, okoa hela hiyo. Na ile apu ya tatu kabla ya kuilipia waulize kwa maandishi ni mechi gani hasa ina ambazo huna, wakikujibu juu juu usilipe.

Kaka, mimi ni nesi, niko Leicester mwaka wa sita sasa. Nalipia huduma mbili za michezo. Jumamosi mdogo wangu wa Mwanza ananipigia video kol ananionyesha mechi ya timu yetu, uwanja wenyewe kutoka kwangu ni mwendo wa saa mbili tu, na mimi siioni kwenye TV! Nyumbani wananiuliza "dada wewe si uko hukohuko?" nakosa jibu. Naomba unisaidie jibu. (Leicester, Uingereza)

Dada yangu, jibu lipo na mwambie mdogo wako kwamba yeye wa Mwanza ndiye mwenye bahati.

Uingereza kuna katazo la Jumamosi mchana. Kuanzia saa 8:45 mchana mpaka saa 11:15 jioni kwa saa za huko mechi za laivu hazionyeshwi kwenye TV, na mechi nyingi za Jumamosi zinaanza saa 9 kamili, katikati ya katazo. Lilianza miaka ya 1960, aliyelipigania sana ni Bob Lord mwenyekiti wa Burnley, hoja yake ilikuwa kwamba mtu akiona timu kubwa kwenye TV hatatoka nyumbani kwenda kulipa kiingilio cha timu ndogo ya mtaani kwake. UEFA wana kifungu cha 48 kinachoruhusu nchi kujiwekea dirisha hilo la saa mbili na nusu. Liliwahi kusimamishwa wakati wa korona 2020 viwanja vilipokuwa tupu.

Hesabu yake ndiyo hii. Msimu una mechi 380. Kwa mkataba ulioanza 2025/26 Sky wana angalau 215 na TNT Sports 52, jumla 267. Yaani ukilipia vyote viwili, ukalipa kila mwezi bila kukosa, bado mechi zaidi ya 100 huzioni laivu kwenye nchi zinakochezwa. Mwanza zote 380 zinaweza kuonekana kwa mtu mwenye king'amuzi cha SuperSport, kwa sababu katazo ni la ndani ya Uingereza tu.

Mimi hoja ya Bob Lord siidharau, timu ndogo za Uingereza zimeishi kwa viingilio na kuna miji ambayo timu ndiyo kila kitu. Lakini wewe umelipa mara mbili na umekosa, na hakuna aliyekwambia hivyo siku unajiunga, hilo silikubali. Saa 9 weka redio, BBC Radio 5 Live wanatangaza bure na wanatangaza vizuri, usiku BBC wana Match of the Day ina vipande vya mechi zote za siku bila kulipia kifurushi cha michezo. Usikubali mtu akuuzie kisanduku kilichochezewa eti kinaonyesha zote, huko kwenu watu wamefungwa kwa biashara hiyo.

Jambo ndugu mwandishi. Mimi ni Mkongomani, nimekulia kambi ya Nyarugusu, sasa niko Columbus. Nashabikia Liverpool tu, timu moja, sina tamaa ya ligi nyingine. Lakini kila mwezi kwenye kadi yangu yanatoka makato matatu ya mpira, na moja nililiacha tangu Agosti bado wanakata. Timu moja inakuwaje kwenye huduma tatu? (Columbus, Marekani)

Ndugu yangu inawezekana kabisa, kwa sababu Liverpool ni timu moja lakini inacheza mashindano manne na kila shindano lina mwenyewe. Kwa Marekani ligi iko NBC na Peacock, huduma yao ya intaneti, mpaka 2028. Ligi ya Mabingwa iko Paramount+, na Kombe la Carabao liko hapohapo. FA Cup iko ESPN. Hapo tayari ni tatu na hujagusa kitu kingine.

Dawa ni kalenda. Timu za ligi kuu zinaingia FA Cup raundi ya tatu, Januari. Kwa hiyo kama ya ESPN unailipia kwa ajili ya FA Cup tu, kuanzia Agosti mpaka Desemba unalipa bure kabisa, iache, na Januari usiirudishe mpaka uone imepangwa na nani, timu ikitolewa kwenye mechi hiyo ya kwanza tu mwaka huo umemaliza. Ligi ya Mabingwa siku hizi hatua ya ligi ni mechi 8, zinaanza Septemba zinaisha Januari, timu ikipita inaendelea mpaka mwisho wa Mei. Lipa kwa mwezi, usishawishike na bei ya mwaka kabla hujajua timu yako itakuwa wapi Machi. Na siku unayojiunga, siku hiyohiyo weka alamu kwenye simu siku mbili kabla ya makato yajayo.

Jambo lingine, nunua antena ya ndani, ile unabandika dirishani. Baadhi ya mechi za ligi zinapita NBC ya bure, na nyingine zinapita Telemundo kwa Kihispania, goli ni goli utaelewa tu. Antena imewaokoa hata Wamarekani wenyewe kwenye mpira wao. Tarehe 13 Januari 2024 mechi ya mtoano ya NFL, ligi ya huo mpira wao wa Kimarekani, Kansas City Chiefs na Miami Dolphins, iliwekwa Peacock peke yake nchi nzima, mara ya kwanza mechi ya mtoano kuwa ya intaneti tu, watu walipiga kelele mpaka bungeni kwao. Lakini ndani ya Kansas City na Miami ilionyeshwa kwenye TV ya bure kwa sababu NFL wana utaratibu kwamba mji wa timu usinyimwe. Mtu wa Kansas City mwenye antena aliiona bila kulipa senti, jirani yake asiyejua alijiunga.

Kuhusu hao wanaokata tangu Agosti: piga picha ya skrini ya ule ujumbe wa kukubaliwa kuacha, nenda benki yako sema unapinga makato hayo, peleka na tarehe. Usibishane na kampuni kwa simu miezi mitatu. Benki za huko zinashughulikia hilo ukiwahi, ukichelewa dirisha linafungwa.

Salaam aleikum ndugu. Nina banda la mpira hapa Likoni, mabenchi ya mbao kumi na moja, kiingilio shilingi 30, mechi kubwa 50. Zamani nikiwasha TV moja banda lajaa. Siku hizi usiku mmoja mechi hii iko huku, ile iko kule, watu wasimama mlangoni wauliza "leo waonyesha ipi?" nikiwaambia hii nusu waondoka. Nikalipia akaunti ya kwenye simu nikaunganisha na TV, katikati ya mechi ikakatika ikaniandikia inatumika kwengine, watu wakanidai pesa zao. Nifanyeje? (Likoni, Mombasa)

Waaleikum salaam ndugu yangu. Barua yako imeniuma kuliko zote, maana najua usiku kama huo ulivyo. Benchi la mbele watoto, nyuma wamesimama vijana wa bodaboda na helmeti mkononi, halafu picha inaganda mshambuliaji kanyanyua mguu, na macho yote yanageuka kwako wewe mwenye rimoti.

Nikuambie ukweli hata kama hautakufurahisha. Ile akaunti ya simu na hata king'amuzi cha nyumbani havikuuzwa kwa ajili ya banda. Masharti yake ni ya nyumbani, ya simu yanaruhusu kifaa kimoja au viwili, na ukionyesha watu kwa kiingilio wanahesabu ni biashara. Kuna vifurushi vya biashara, bei yake iko juu, na kwa Kenya mambo ya hakimiliki yanasimamiwa na Kenya Copyright Board kama COSOTA huku Tanzania. Ukikaguliwa unaweza kupoteza TV zenyewe. Kwa hiyo kabla ya msimu mpya nenda kwa wakala uulize bei ya biashara kwa ukumbi wa ukubwa wako, waambie idadi ya viti na waandike, usikubali bei ya mdomoni.

Halafu hili la watu kugawanyika, kama kuna mwenzako mwenye banda hapo karibu msishindane. Nyinyi wawili mkae kila Jumatatu mgawane mechi, wewe chukua huduma moja na yeye nyingine, muandike kwa chaki mlangoni pande zote mbili: ipi iko wapi. Shabiki akijua tangu mchana haondoki na hasira. Kuna wenye mabanda Dar nimeona wanafanya hivyo, na kila mmoja analipa bili moja badala ya mbili.

Ninachotaka wenye ligi wakisikie ni kwamba banda ndilo lililowapa mashabiki huku. Kijana wa Likoni au wa Tandika anayejua majina ya wachezaji wote wa akiba wa Manchester City hakuyajua kwa kuwa na king'amuzi nyumbani, aliyajua kwenye benchi la mbao. Kifurushi cha biashara chenye bei ya hoteli anatozwa mtu mwenye mabenchi kumi na moja, hapo wanakata tawi walilokalia.

Kaka, mimi naangalia mpira kwa apu kwenye simu, jirani yangu ana dishi. Kila goli nasikia kelele kwake kwanza, halafu nakaa nasubiri goli ambalo nalijua! Bando langu lina shida au? (Dodoma)

Bando halina shida. Picha ya intaneti inakatwa vipande vidogo vya sekunde chache chache, kila kipande kinabanwa, kinatumwa, na simu yako inaweka akiba ya vipande kadhaa kwanza ili picha isikwame. Vikijumlishwa unakuwa nyuma ya dishi sekunde 20, 30, saa nyingine zaidi, na dishi nalo liko nyuma ya uwanja kidogo. Redio ndiyo inawahi wote. Weka hedifoni. Na ujue pia picha kali inakula kama GB 3 kwa saa, ya kawaida kama GB 1, mechi moja na mapumziko yake ni karibu saa mbili, kwa hiyo kwenye mipangilio ya apu chagua picha ya kawaida, kwenye kioo cha simu tofauti huioni sana ila kwenye bando utaiona.

Mwandishi mimi ni mwanafunzi wa chuo, sina hela ya kulipia. Kuna grupu la Telegram linatoa linki za mechi zote bure. Kuna ubaya gani wakati hizo kampuni ni tajiri? (Morogoro)

Mdogo wangu sikuhukumu, najua maisha ya hosteli, na nimeshasema hapo juu kwamba biashara hii imepangwa vibaya kiasi cha kumsukuma mtu huko. Lakini hizo si za bure. Mtoto wa dada yangu alifungua moja siku ya robo fainali, ikamwambia asasishe kicheza video kwanza, akabonyeza, ikaomba ruhusa ya kusoma meseji zake naye akakubali kwa sababu mechi imeshaanza. Kesho yake asubuhi laini yake ya pesa ilikuwa tupu, hela ya ada ndogo yote, na meseji za uthibitisho zilikuwa zimefutwa asizione. Tulikaa naye kwenye ngazi za duka la huduma ya simu mpaka saa 10 na hazikurudi.

Njia za halali za bei ndogo zipo, changeni wanne kwenye chumba mlipie king'amuzi kimoja cha chumba, hiyo ni nyumba moja TV moja hakuna anayewashika. Na angalia mashindano yanayotolewa bure kihalali, mfano Kombe la Dunia la Klabu la 2025 mechi zote 63 zilionyeshwa na DAZN, huduma ya michezo ya intaneti, bure dunia nzima kwa kujiandikisha tu. Inawezekana, wakitaka wanaweza.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, umri miaka 74. Mwaka 1980 Taifa Stars ilipokwenda Lagos tulisikiliza walimu saba chini ya mwembe wa shule, redio moja ya betri nne, hatukulipa mtu. Leo timu ya taifa inacheza, wajukuu wananiambia babu mechi hii iko kwenye chaneli ambayo hatujalipia mwezi huu. 2027 AFCON inakuja hapahapa kwetu na Kenya na Uganda. Je, nitaiona Taifa Stars nikiwa nyumbani kwangu Tanga, au nayo itauzwa? (Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Nakumbuka kuambiwa habari za Lagos na baba yangu, tulifungwa na Nigeria 3-1, Misri 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, na mpaka leo wazee wanaizungumza ile sare kama ushindi. Tulisubiri miaka 39 kurudi, mpaka 2019.

Haki za AFCON zinauzwa na CAF, mzee, si na nchi mwenyeji, kwa hiyo kuchezwa Tanzania pekee hakukupi uhakika. Unakumbuka ile ya Ivory Coast iliyoanza Januari 13, 2024? Haki za ukanda wetu zilikuwa kwa New World TV ya Togo, SuperSport wakatangaza hawataonyesha, watu waliolipia wakabaki wananing'inia, halafu siku chache tu kabla ya mashindano wakaelewana. Taifa Stars ilikuwa ndani ya mashindano hayo na waliotegemea SuperSport hawajui wataiona wapi. Mimi sikulala vizuri wiki ile.

Nchi nyingine zimelimaliza hili kwa sheria. Uingereza wana orodha, kwa sheria ya utangazaji ya 1996, ya mashindano ambayo lazima televisheni ya bure ipewe nafasi ya kuyaonyesha laivu: Kombe la Dunia, Euro, Olimpiki, fainali ya FA Cup, fainali za Wimbledon na mengine. Wanaouza wanalijua hilo kabla hawajauza na ligi zao hazijafa. India tangu 2007 wana sheria kwamba michezo yenye umuhimu kwa taifa aliyeinunua lazima ashiriki picha na televisheni ya umma. Ninataka mechi zote za Taifa Stars, Harambee Stars na Cranes za AFCON 2027 ziwekwe kwenye orodha ya namna hiyo na nchi zetu tatu kwa pamoja, na iwe mapema, kabla mtu wa mwisho hajasaini mkataba wa matangazo, kwa sababu baada ya kusaini kila mtu atasema mikono yake imefungwa. Viwanja vimejengwa na kukarabatiwa kwa kodi, yako ikiwemo, mwalimu uliyekatwa kwenye mshahara miaka yote hiyo.

Mzee, barua yako umeiandika kwa mkono, kurasa mbili, na jina la shule na ule mwembe umeutaja. Kwa ruhusa yako naomba nipeleke nakala yake kama ilivyo, kwa mwandiko wako, wizara inayosimamia michezo na nyingine TFF. Ukikubali nitumie ujumbe mfupi tu kwa simu ya mjukuu wako, nitazipeleka mwenyewe mkononi wiki hiyohiyo na majibu watakayonipa nitayachapa hapa.